Kugongana kwa sayari: wasomaji waelezwe ni lini na kwa uwezekano gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie makala iliyochapwa hivi karibuni katika ukurasa wa sayansi, iliyowaarifu wasomaji kwamba sayari zinazolizunguka Jua zimo katika machafuko na kwamba Dunia yetu itakuja kugongwa na sayari nyingine. Nimefundisha hisabati na fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na tangu nilipostaafu nimeendelea kuufuatilia utafiti wa mienendo ya sayari kwa mapenzi yaleyale niliyokuwa nayo darasani. Nilipoiona makala hiyo nilifurahi, kwa kuwa ni nadra gazeti la Kiswahili kulipa jambo hili nusu ukurasa. Nilipofika mwisho wake nilikuwa nimehuzunika.

Hapa Tanga makala hiyo ilisomwa kwa sauti barazani kwetu baada ya swala ya alasiri. Msomaji alipomaliza, mzee mmoja alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, ni lini?" Nililichukua gazeti nikatafuta mwaka, karne, au walau neno moja la kukadiria muda, nisilione. Tarakimu iliyokuwamo ilikuwa moja tu, nayo ndiyo iliyowatia watu hofu: kwamba karibu asilimia 98 ya majaribio yaliyofanywa kwa kompyuta yaliishia kwa mgongano. Nilimwahidi mzee yule kwamba nitamjibu kwa maandishi, na kwa kuwa makala iliwafikia wengi, naona ni haki jibu nalo liwafikie wengi.

Nianze na tarakimu hiyo, kwa sababu naijua ilikotoka. Mwezi wa Juni mwaka 2009, wataalamu wawili wa kituo cha kuchunguzia anga cha Paris, Jacques Laskar na Mickaël Gastineau, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya hesabu kubwa kuliko zote zilizokuwa zimefanywa mpaka wakati huo kuhusu mustakabali wa sayari. Ndani ya kompyuta yenye nguvu nyingi waliunda nakala 2,501 za mfumo wetu wa Jua, kila nakala ikitofautiana na ya jirani yake kwa jambo moja tu: kipimo cha njia ya Utaridi, ambacho kilizidishwa au kupunguzwa kwa milimita 0.38. (Natumia jina Utaridi kwa maana ya sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ile ambayo baadhi ya vitabu vyetu vya shule huiita Zebaki. Tofauti hiyo ya majina nayo inastahili barua yake siku nyingine.) Halafu kila nakala iliachwa ijiendeshe kwa kanuni za uvutano kwa muda wa miaka bilioni 5.

Katika nakala 99 kati ya kila 100, hakuna kilichogongana na chochote. Sayari zilikwenda mbele na nyuma kidogo, njia zao zikajinyoosha na kujikunja kidogo, lakini kila moja ilibaki mahali pake mpaka mwisho wa hesabu. Katika nakala 1 hivi kati ya 100, njia ya Utaridi ilirefuka mno, kiasi cha kuifanya sayari hiyo iweze kugongana na Zuhura au kutumbukia katika Jua. Na miongoni mwa hizo chache, moja ilikuwa na jambo la pekee: kuvurugika kwa Utaridi kulizisumbua sayari nyingine za ndani, hata baada ya takriban miaka bilioni 3.34 kuanzia leo Mirihi ikapita umbali wa kilomita 794 tu kutoka Dunia, ambao ni mfupi kuliko safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Watafiti walitaka kujua nini kingeweza kufuata baada ya ukaribu wa kutisha namna hiyo. Kwa hiyo waliichukua nakala hiyo moja, wakarudi nyuma kidogo kabla ya Mirihi kukaribia, wakaizalisha mara 201 kwa tofauti ndogo sana. Katika hizo 201, nakala 196 ziliishia kwa mgongano ndani ya miaka milioni 100, ama wa sayari kwa sayari ama wa sayari na Jua, na zilizoihusu Dunia zilikuwa 48. Ukigawanya 196 kwa 201 unapata asilimia 97.5, na hiyo ndiyo asilimia 98 ya makala yako. Mwandishi aliichukua hesabu ya tawi moja akaifanya kuwa hesabu ya mti mzima. Ni sawa na mtu aliyekwenda katika wodi ya wagonjwa mahututi, akahesabu wangapi hawakupona, kisha akatangaza kwamba hicho ndicho kiwango cha vifo cha mji. Sidhani kama alikusudia kupotosha, kwani matokeo hayo yamepitia mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na kila mkono huacha maneno machache nje. Lakini neno lililoachwa nje safari hii ndilo lililokuwa na uzito wote.

Sasa swali la mzee: lini? Mgongano wa mapema zaidi unaoihusu Dunia katika hesabu hizo unafuata mkaribiano ule wa Mirihi, zaidi ya miaka bilioni 3.3 kutoka leo. Kabla ya kufika huko lipo jambo jingine ambalo ni la hakika kuliko mgongano wowote. Jua letu linazidi kung'aa polepole kadiri linavyotumia haidrojeni iliyomo ndani yake, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi kwa kila miaka bilioni moja, na inakadiriwa kwamba baada ya takriban miaka bilioni moja joto hilo litatosha kuzikausha bahari. Kwa hiyo hata katika ile nakala moja mbaya kati ya 2,501, Mirihi inaikuta Dunia ambayo tayari haina maji wala mtu wa kuogopa. Nimeyasema haya barazani, na nimeona watu wakipumua. Nasikitika kwamba gazeti lingeweza kuwapa pumzi hiyo siku ileile.

Jambo la pili ni neno machafuko. Katika kurasa nyingine za gazeti hilihili, machafuko ni mawe barabarani, maduka yaliyofungwa na askari mitaani, na msomaji akiambiwa kwamba sayari zimo katika hali hiyo huona akilini mwake magimba makubwa yanayoruka ovyo bila kanuni. Wanahisabati wanamaanisha karibu kinyume chake. Wanauzungumzia mwendo unaofuata kanuni bila kukosea hata hatua moja, lakini ambao kosa dogo kabisa la kuujua mwanzo wake hukua kwa kuzidishwa na si kwa kujumlishwa, mpaka linaimeza hesabu yote. Laskar huyohuyo alilionyesha hilo mwaka 1989. Ukikosea mahali ilipo Dunia leo kwa mita 15, baada ya miaka milioni 10 kosa lako litakuwa mita 150, ambalo si kitu. Lakini kila miaka milioni 10 inayofuata hulizidisha kosa hilo mara 10 tena, na ikitimia miaka milioni 100 limekuwa kilomita milioni 150, yaani umbali wote uliopo kati ya Dunia na Jua. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kutabiri Dunia itakuwa upande gani wa Jua wakati huo. Haimaanishi kwamba itakuwa imeiacha njia yake, wala kwamba itakuwa karibu na Jua au mbali nalo kuliko ilivyo sasa. Treni inaweza kuwa haijulikani imefika stesheni ipi na bado ikawa juu ya reli.

Kwa maoni yangu, waandishi wetu wangetumia maneno mwendo nyeti, kwa kuwa neno nyeti msomaji analijua tangu zamani kwa maana ya kitu kinachotaka kushikwa kwa uangalifu kwa sababu mguso mdogo huleta matokeo makubwa. Wakipenda kulitohoa neno la kigeni na kusema kaosi, sitagombana nao. Ninachopinga ni machafuko.

Historia ya wazo hili inahusu marekebisho ya kitu kilichokwisha kuchapwa, na kwa hiyo naomba uvumilivu wako niieleze kwa kirefu kidogo. Mfalme Oscar wa Pili, aliyetawala Sweden na Norway, alitimiza umri wa miaka 60 tarehe 21 Januari 1889, na katika kuiadhimisha siku hiyo yalitangazwa mashindano ya hisabati ambayo mojawapo ya maswali yake lilihusu mwendo wa magimba yanayovutana, yaani kama inaweza kuthibitishwa kwamba mfumo kama wetu wa Jua utabaki kama ulivyo daima. Mshindi alikuwa Mfaransa Henri Poincaré, na zawadi ilikuwa kronor 2,500 pamoja na nishani ya dhahabu. Kazi yake ilipelekwa kupigwa chapa katika jarida la Acta Mathematica. Mhariri kijana aliyepewa jukumu la kuisoma kabla haijatolewa, Lars Edvard Phragmén, aliona sehemu kadhaa zisizoeleweka vizuri na akauliza maswali. Poincaré, katika kuyajibu, aligundua kwamba palikuwa na kosa, tena si kosa la uandishi bali lililobomoa sehemu kubwa ya uthibitisho wake wa uthabiti.

Nakala za jarida zilikuwa zimeanza kusambazwa. Ilibidi zikusanywe moja moja kutoka kwa waliokwisha kuzipokea, na Poincaré alilipa mwenyewe gharama za uchapaji wa mwanzo, kronor 3,585 na ushei, zaidi ya elfu moja juu ya zawadi yote aliyopewa. Lakini katika kulisahihisha kosa lile aliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kabla yake: kwamba magimba matatu tu yanayovutana yanaweza kuwa na mwendo uliosokotana kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuthubutu kuuchora. Huo ndio mwanzo wa elimu ya mwendo nyeti. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1890, na ndilo ambalo wanahisabati wanaendelea kulisoma. Naitaja habari hii kwa heshima, Mhariri, kwa sababu ninaandika kuomba marekebisho, na sioni aibu yoyote kwa gazeti kufanya jambo ambalo Poincaré alilifanya kwa fedha zake.

Baada ya makala yako kutoka, msomaji mmoja aliandika barua ya kuipinga, akisema kwamba njia za sayari hazijabadilika na hazitabadilika kamwe. Sababu zake za imani naziheshimu na sina la kusema juu yake. Lakini aliongeza kwamba hivyo ndivyo Newton alivyothibitisha, na hilo si kweli. Isaac Newton mwenyewe alikuwa na mashaka. Aliandika kwamba mvutano wa sayari kwa sayari huzaa dosari ndogo zinazoweza kuongezeka mpaka mfumo mzima uhitaji kurekebishwa, na mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alimcheka mwaka 1715 kwamba amemfanya Mungu kuwa fundi saa anayelazimika kuitia saa yake ufunguo mara kwa mara. Mashaka hayo yalikuwa na msingi. Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Kiingereza, alipolinganisha rekodi za kale na za wakati wake, aliona kuwa Mshtarii (ile iitwayo pia Jupita) inaongeza mwendo na Zohali inapunguza. Jambo hilo likiendelea bila kikomo, Mshtarii ingesogea ndani kulielekea Jua na Zohali ingetokomea nje. Ilimchukua mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace mpaka mwaka 1785 kuonyesha kwamba badiliko hilo huenda na kurudi katika kipindi cha miaka 900 hivi, kwa sababu mizunguko mitano ya Mshtarii inakaribia kulingana na mizunguko miwili ya Zohali, na sayari hizo mbili hukutana na kuvutana karibu katika sehemu zilezile za njia zao. Kutokana na ushindi huo watu wakaamini kwamba sayari ni saa isiyoharibika. Laplace, hata hivyo, alikadiria tu. Aliviacha nje vipande vidogo vya milinganyo akiamini kwamba havina madhara, na kwa mamia ya maelfu ya miaka kweli havina. Kwa mabilioni vinaweza kuwa navyo.

Sasa nieleze kwa nini Utaridi, sayari ndogo kuliko zote, ndiyo iliyobeba hatari. Njia yake si duara bali ni duaradufu, tena iliyorefuka kuliko ya sayari nyingine yoyote: ikiwa karibu kabisa na Jua huwa kilomita milioni 46, na ikiwa mbali kabisa huwa karibu milioni 70. Duaradufu hiyo nayo haikai mahali pamoja. Inageuka polepole kulizunguka Jua na kurudi ilipoanza baada ya takriban miaka 230,000. Duaradufu ya Mshtarii inageuka pia, kwa takriban miaka 300,000. Msomaji awakumbuke watoto wanaobembea katika mabembea ya sikukuu ya Idi. Ukimsukuma mtoto kwa nyakati zisizolingana na kwenda kwake, mara unamwongezea mwendo na mara unampunguzia, na mwisho wa yote hajapanda sana. Lakini ukimsukuma kila anaporudi, hata mkono mdogo utampandisha mpaka mama yake apige kelele. Mshtarii, yenye maada mara 318 ya ile ya Dunia, ndiyo mkono, na Utaridi ndiye mtoto. Kinachotuokoa ni kwamba migeuko hiyo miwili hailingani. Lakini haijapishana sana, na kwa kuwa mwendo wa Utaridi ni nyeti, kasi ya mgeuko wake huyumbayumba. Ikitokea ikayumba mpaka ikalingana na ile ya Mshtarii kwa muda wa kutosha, misukumo itajikusanya, duaradufu itarefuka, na ncha yake ya mbali itaifikia Zuhura kwenye kilomita milioni 108.

Hapa ndipo panaponishangaza kuliko pote, na kwa miaka yote niliyofundisha sikupata kuchoka kupaeleza. Katikati ya karne ya 19, mtaalamu wa nyota wa Kifaransa Urbain Le Verrier aligundua kwamba duaradufu ya Utaridi inageuka kwa kasi inayozidi kidogo ile ambayo kanuni za Newton zingeruhusu. Ziada hiyo, kwa vipimo vya leo, ni sekunde 43 za digrii kwa karne nzima, na kwa kuwa digrii moja ina sekunde 3,600, ziada ya miaka mia moja haifiki hata moja ya themanini ya digrii moja. Yeye alidhani ipo sayari isiyoonekana karibu na Jua, akaipa jina, na watu wakaitafuta kwa darubini kwa miaka mingi bila kuipata. Mwezi wa Novemba 1915, Albert Einstein alionyesha kwamba ziada hiyo inatoka moja kwa moja katika nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, yaani maelezo yake mapya ya uvutano. Wengi wetu tulifundishwa habari hiyo kama uthibitisho wa Einstein na kuishia hapo. Lakini ziada hiyo ndogo ndiyo inayouongezea mbio mgeuko wa Utaridi na kuuweka mbali na mgeuko wa Mshtarii. Laskar aliifanya hesabu akiiondoa, kana kwamba Newton angekuwa amesema yote, na katika zaidi ya nusu ya nakala njia ya Utaridi ikaharibika. Akiirudisha, zinazoharibika ni 1 kati ya 100. Sekunde 43 kwa karne zinatenganisha mfumo unaodumu na mfumo ambao ungekuwa wa kubahatisha.

Makala yako ilidai pia kwamba njia mbili zikikatana basi mgongano hauepukiki. Pluto inatosha kulijibu hilo. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1999 Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni, na hakuna hatari yoyote iliyotokea, kwa sababu Neptuni huzunguka mara tatu kamili katika muda ambao Pluto huzunguka mara mbili, na mpangilio huo huhakikisha kwamba Pluto inapoingia ndani, Neptuni iko mbali. Ulinganifu wa vipindi, ambao kwa Utaridi ni tishio, kwa Pluto ni kinga.

Nisingependa msomaji adhani kwamba haya yote ni mambo ya kompyuta tu, yasiyo na ushahidi wa kushikika. Umbo la njia ya Dunia hubadilika taratibu, na badiliko hilo hugusa mvua na ukame, nayo mvua na ukame huandikwa katika tabaka za mashapo chini ya maziwa. Upo mdundo mmoja wa miaka 405,000, unaotokana na Zuhura na Mshtarii, ambao ni thabiti kiasi kwamba wanajiolojia wanautumia kama saa. Upo mwingine unaotokana na Dunia na Mirihi, ambao leo una urefu wa takriban miaka milioni 2.4. Mwaka 2019 Paul Olsen wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha uchunguzi wa mashapo yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, yaliyochimbuliwa New Jersey na Arizona huko Marekani, wakaona kwamba zamani hizo mdundo wa Mirihi ulikuwa na urefu wa miaka milioni 1.75. Kwa hiyo sayari hizi mbili zimebadilisha mwenendo wao, na matope yaliyogeuka mwamba yamelihifadhi badiliko hilo. Uzito wa ushahidi huu utaonekana zaidi nikisema kwamba hesabu peke yake haiwezi kufika huko. Hata vijisayari vidogo kama Ceres na Vesta, vinapopitana karibu karibu, huvuruga utabiri kiasi kwamba umbo la njia ya Dunia haliwezi kukokotolewa kwa uhakika kupita miaka milioni 60, mbele au nyuma, hata vipimo vyetu viwe bora namna gani. Zaidi ya hapo jiwe linajua kuliko kompyuta.

Migongano yenyewe nayo si ndoto. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi kuhusu chanzo cha Mwezi ni kwamba takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, gimba lenye ukubwa unaokaribia Mirihi liliigonga Dunia changa, na vifusi vilivyorushwa vikakusanyika kuwa Mwezi. Mawe ya Mwezini yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972 yana oksijeni inayofanana mno na ya miamba ya Dunia, jambo linaloonyesha asili moja. Na mwaka 2005 wataalamu wa nyota walitangaza kuwa katika kundinyota la Hamali ipo nyota iitwayo BD+20 307, iliyozungukwa na vumbi la moto lililo takriban mara milioni moja zaidi ya lile linalolizunguka Jua letu. Miaka mitatu baadaye ilibainika kwamba hizo ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku zaidi kidogo ya tatu, tena zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, ilhali vumbi la kuundwa kwa sayari hutoweka mapema sana katika maisha ya nyota. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba sayari mbili za huko ziligongana katika siku za karibuni, kwa kalenda ya anga. Mfumo uliokwisha kutulia unaweza kuvunjika ukiwa mtu mzima. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba jambo hili haliwezekani. Namwambia kwamba kwetu linawezekana kwa 1 kati ya 100, kwamba hiyo 1 ni ya Utaridi kuvurugika na si ya Dunia kugongwa, na kwamba sehemu ya Dunia ni ndogo zaidi ya hapo.

Ninaomba gazeti lichapishe marekebisho yenye mambo matatu: kwamba asilimia 98 ilihusu nakala 201 zilizozalishwa kutokana na nakala moja kati ya 2,501, kwamba muda unaozungumzwa ni zaidi ya miaka bilioni 3, na kwamba neno machafuko, katika makala ile, lilimaanisha mwendo usioweza kutabiriwa kwa muda mrefu. Mistari sita inatosha. Naomba mistari hiyo iwekwe katika ukurasa uleule wa sayansi, kwa herufi za ukubwa uleule wa makala, maana barazani kwetu marekebisho ya herufi ndogo zilizobanwa chini ya matangazo ya vifo hakuna anayeyasoma kwa sauti.

Mwalimu mstaafu,
Tanga